Bakteria wa chupa watasafisha udongo uliokunywa dawa miaka kumi?

*Shikamoo mtaalamu. Nipo Ilula, mkoani Iringa. Marehemu baba alikodisha shamba letu la ekari tatu kwa mkulima wa nyanya kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka huu nimelirudisha mikononi mwangu. Shamba linaonekana zima, isipokuwa pale jirani na kisima alipokuwa akichanganyia dawa na kuoshea mabomba. Kuna kipande kama hatua kumi kwa sita, hata magugu hayaoti. Amekuja kijana anayeuza bakteria wa kusafisha udongo, lita moja elfu arobaini na tano. Anasema unachanganya na maji, unamwaga, baada ya mwezi sumu yote imeliwa. Ninunue? Na nikipanda mahindi na maharage msimu huu, watoto wangu watakula sumu?*

Marahaba mama, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Hiyo elfu arobaini na tano iweke kwanza. Sisemi kijana ametunga hadithi. Bakteria wanaokula dawa za shambani wapo kweli, wamejulikana kwa zaidi ya nusu karne, na kazi yao imechunguzwa kwa undani maabara. Ila wengi wao huenda unao tayari, bure, ndani ya hizo ekari tatu, kwa sababu hiyohiyo kwamba shamba limepigwa dawa miaka yote hiyo. Na kama kilichomwagika pale kisimani ni aina ya sumu isiyolika, hata ukimwaga pipa zima la bakteria hutaona tofauti.

Nianze na hao ulionao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilionekana kwamba diazinoni, dawa ya kuua wadudu wanaofyonza mpunga, inaisha nguvu haraka mno katika majaruba yaliyokwisha kuwekwa dawa hiyo mara kwa mara. Kwenye majaruba ambayo hayajawahi kuiona, dawa ileile ilidumu. Watafiti wawili, Sethunathan na Yoshida, walichunguza maji ya majaruba hayo, na mwaka 1973 wakatangaza bakteria wa kundi la Flavobacterium anayeivunja diazinoni, na ndugu yake parathioni pia. Kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, hukata kifungo kimoja tu, pale fosforasi inaposhikana na sehemu nyingine ya molekuli. Kifungo hicho kikikatwa, dawa haiwezi tena kuvuruga mishipa ya fahamu, iwe ya mdudu au ya mtu.

Kwa mkulima wa mpunga ile ilikuwa hasara, maana analipia dawa ambayo inaliwa kabla haijaua kitu. Tanzania tunazo dawa feki, hilo halina ubishi, lakini si kila dawa inayogoma ni feki. Karbofurani, dawa nyingine ya wadudu, ikiwekwa kwenye udongo uleule kila msimu huchoka kwa namna hiyohiyo.

Bakteria wanajifunzaje? Tazama atrazini, kiuagugu cha mahindi na miwa kilichoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kemikali ambayo haikuwahi kuwepo duniani, na mwanzoni ilionekana kuwa ngumu kwa vijidudu. Mwaka 1995 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitangaza bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliyempata kwenye udongo uliomwagikiwa kiuagugu, ambaye aliweza kuimaliza atrazini mpaka ikabaki hewa ya ukaa na amonia. Molekuli ya atrazini ina atomu tano za nitrojeni, na bakteria yule alikuwa anaifuata nitrojeni hiyo. Kimeng'enya chake cha kwanza kilipolinganishwa na kingine kinachovunja melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, kilitofautiana nacho kwa viungo tisa tu kati ya takriban 475 vinavyounda protini yake. Mabadiliko madogo kiasi hicho yanampa bakteria chakula kipya kabisa. Tena jeni za kazi hiyo zimekaa kwenye kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana wao kwa wao, ndiyo maana jeni zinazofanana mno zimekutwa katika mabara tofauti. Mashamba yaliyopigwa atrazini kwa miaka mingi huwa nao.

Sasa turudi kwenye chupa. Bakteria wengi wanaouzwa kwa lita madukani ni wale wa kugandisha maziwa, pamoja na hamira na wenzao wachache. Wanafaa kuharakisha mboji na kupunguza harufu ya banda la nguruwe. Kuwa na bakteria hai si sawa na kuwa na kimeng'enya cha kukata molekuli fulani ya sumu. Hata ukimpata mwenye kimeng'enya hicho, unamwingiza kwenye udongo ambao gramu moja yake ina bakteria mamilioni kwa mamilioni walioshika kila nafasi, na viumbe wengine wadogo wanaowala bakteria. Ni kama kufungulia vifaranga wa kisasa porini: baada ya wiki chache utahesabu waliobaki kwa vidole. Na sumu yenyewe sehemu kubwa imejibana ndani ya chembe za mfinyanzi ambako bakteria haingii.

Kama unataka kipimo cha ahadi ya "mwezi mmoja sumu yote", kipo. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000, lililofanywa kwenye udongo uliomwagikiwa atrazini, baadhi yake ikiwa na hadi sehemu 29,000 kwa milioni. Watafiti walijua sumu ni ipi, na walitengeneza bakteria waliojazwa kimeng'enya husika kupita kiasi, kisha wakawaua kwa kemikali kabla ya kuwamwaga ili wasisambae. Baada ya wiki nane atrazini ilikuwa imepungua kwa asilimia 52. Walipoongeza fosfati ilipungua kwa asilimia 77. Mahali ambapo hawakumwaga chochote haikupungua cha maana. Hayo ni matokeo mazuri sana, na bado karibu robo ya sumu ilibaki. Sasa kijana anayekuja na chupa moja kwa sumu zote amewapita wanasayansi wale, au anauza maneno.

Ukitaka kumpima bila ugomvi, muulize mambo manne: bakteria ni wa aina gani kwa jina, wanakula kiambato gani hasa, chupa imetengenezwa lini na imekaa wapi tangu siku hiyo, na usajili wake uko wapi. Chupa iliyoshinda juani kwenye buti la pikipiki huenda ina bakteria wafu. Wafu wale wa Marekani walikuwa na kazi kwa sababu walijazwa kimeng'enya, hawa hawana.

Ziko sumu ambazo hazina bakteria wa kuzila hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Mrututu, ambao ni dawa ya shaba, ni mfano wa karibu. Kahawa ya Kilimanjaro imepigwa dawa za shaba kwa miongo mingi, na wakulima wa nyanya nao huzitumia kwa bakajani. Shaba ni elementi. Haina kifungo cha kukata, haigeuki kuwa hewa, kila unachoongeza kinakaa kwenye udongo wa juu. Majosho ya zamani yaliyotumia arseniki yana tatizo hilohilo. Mtu akikuambia bakteria wake wanakula shaba au arseniki, mshukuru umsindikize mpaka barabarani. Kwa shaba dawa yake ni kuifunga: chokaa kidogo udongo ukiwa na tindikali, na mboji nyingi, ili mizizi isiifikie.

Kundi la pili ni zile zinazolika, lakini polepole mno au nusunusu. DDT penye hewa hugeuka kuwa DDE, ambayo hudumu hata kuliko yenyewe. Endosulfani, iliyopigwa sana kwenye pamba na kahawa, hugeuka kuwa endosulfani salfeti yenye ukali uleule. Bakteria wamefanya kazi, ila wamekubadilishia jina la sumu. Huko Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Ufaransa katika bahari ya Karibi, migomba iliwekwa dawa ya wadudu iitwayo klodekoni kuanzia mwaka 1972 hadi 1993, na mpaka leo udongo wake unazuia watu kulima viazi na mboga za mizizi katika maeneo makubwa. Kwetu tunayo Vikuge, Kibaha. Shamba la serikali lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda, vikawekwa kwenye banda lililokuja kuanguka. Watafiti walipopima udongo miaka mingi baadaye, hata baada ya mzigo kuondolewa, walikuta DDT na HCH, dawa nyingine ya zamani ya wadudu, kwa viwango vya kutisha. Bakteria wanaokula HCH wamepatikana Japani na India, kwa hiyo kimsingi inalika. Lakini udongo wenye sumu nyingi kiasi cha Vikuge unawaua wenyewe walaji.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kufikiria bakteria, tujue pale kisimani kumemwagika nini. Na hapa barua yako imenipa kidokezo kizuri kuliko unavyodhani: hata magugu hayaoti.

Dawa ya wadudu kwa kawaida haiui majani. Mkulima wa nyanya wa Ilula anapiga sana dawa za kantangaze, na tangu mdudu huyo aingie nchini kwenye mwaka 2014 mabomba hayapumziki, lakini hizo zikimwagika magugu huendelea kuota bila habari. Uwanja mtupu unaashiria mambo mengine: kiuagugu kinachodumu kwenye udongo, shaba nyingi, chumvi ya mbolea zilizomwagika, au ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watu na madumu mpaka ikawa sakafu. Hilo la mwisho lipime leo kwa jembe. Likidunda, chimbua kwanza sentimita ishirini katika pembe moja, mwagilia, uone kama magugu yatarudi. Nimeona watu wakililia sumu mahali ambapo palihitaji jembe tu.

Kiuagugu cha glifosati sikishuku sana. Hung'ang'ania kwenye mfinyanzi na hailiwi na mizizi baada ya hapo, na bakteria huimaliza kwa kadiri ya wiki au miezi. Parakwati, kiuagugu kingine, nayo hujifunga kwenye mfinyanzi. Atrazini ndiyo ninayoishuku, hasa kama mpangaji alikuwa anazungusha nyanya na mahindi, na kuipima unaweza mwenyewe.

Chukua makopo kama kumi na mawili, yasiwe ya dawa. Chota udongo wa juu, sentimita kumi, kutoka sehemu tano za kile kipande, uchanganye kwenye ndoo. Chota mwingine mahali pazuri, mbali na pale. Manne yajaze udongo wa kipande, manne udongo mzuri, na manne udongo wa kipande uliochanganywa na mkaa uliotwangwa laini, konzi mbili kwa kopo. Katika kila kundi makopo mawili panda mahindi, mawili maharage, mbegu nne nne. Mwagilia sawa, weka penye jua.

Usiwe na haraka ya kuhukumu siku ya kuota. Atrazini haizuii mbegu kuota. Inazuia jani kutengeneza chakula kwa jua. Haragwe litachomoza vizuri kabisa, litakula akiba ya mbegu yake, kisha kwenye wiki ya pili utaona majani ya chini yanaanza njano kwenye kingo na katikati ya mishipa, kingo zinakauka kama zimebabuliwa, na mmea unakufa kuanzia chini kwenda juu. Mahindi yatakuwa yanakutazama tu, maana mmea wa mahindi una uwezo wa kuivunja atrazini ndani ya mwili wake. Mahindi mazima na maharage yaliyokufa kwa namna hiyo kwenye udongo mmoja ni karibu sahihi ya atrazini au ndugu zake. Kama kwenye makopo ya mkaa maharage yamepona, ushahidi umezidi, kwa sababu mkaa hunasa kemikali za aina hiyo kuliko unavyonasa chumvi. Mahindi na maharage yote yakidumaa, mizizi ikiwa mifupi, minene na ya kahawia, shuku shaba. Ncha za majani zikiungua mapema, na udongo ukikauka unaacha ukungu mweupe juu, ni chumvi ya mbolea.

Baada ya makopo, sampuli ya udongo ipeleke maabara ukijua unachouliza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, watakupimia tindikali na shaba. Masalia ya viuatilifu ni kazi ya maabara ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Arusha. Ukiwaambia "nashuku atrazini" unawapunguzia kazi na unajipunguzia gharama, kuliko kusema "angalieni kama kuna sumu".

Tuseme ni atrazini. Hapo bakteria ndio dawa hasa, na kazi yako ni kuwapa hewa, unyevu, joto na njaa. Ndiyo, njaa. Wanaifuata atrazini kwa ajili ya nitrojeni, kwa hiyo ukimwaga urea au samadi mbichi ya kuku unawapa nitrojeni rahisi na wanaiacha ile ngumu. Wape kaboni bila nitrojeni: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga, majani makavu. Chimbua kile kipande chote sentimita ishirini, changanya mabua kama robo ya ujazo wa udongo, kisha ongeza ndoo mbili tatu za udongo kutoka shamba la mahindi la jirani anayepiga atrazini kila mwaka. Hiyo ndiyo chupa yako, na walio ndani yake wamezoea kazi na mazingira ya Ilula. Uwe udongo wa shamba la mahindi kweli, usiuchukue kwenye nyanya, maana utabeba mnyauko na minyoo ya mizizi uje kupanda ugonjwa kwako.

Mwagilia udongo uwe na unyevu kama wa kitambaa ulichokamua, usiwe tope. Geuza kwa jembe kila wiki. Juni na Julai baridi ya Iringa inawalaza bakteria, kwa hiyo anza Septemba, joto likipanda na kabla ya mvua. Zungushia tuta dogo, na mvua ikianza funika kwa turubai, kwa sababu atrazini hutembea na maji na kisima kiko jirani. Vaa buti na glavu, watoto wakae mbali. Kila baada ya miezi miwili rudia makopo ya maharage. Maharage yakifika mwezi yakiwa ya kijani, bakteria wamefanya kazi yao.

Chokaa usiweke. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ushauri wa "tupa chokaa" umeenea, na kwa atrazini chokaa huifanya idumu zaidi. Kwa profenofosi, dawa ya wadudu inayotumika mno kwenye nyanya, mambo ni kinyume: katika maji yenye alkali ya kutosha hupungua nusu kwa saa chache, katika maji ya tindikali hukaa miezi. Kwa shaba chokaa ni msaada. Kwa hiyo mtu akikupa dawa ya udongo kabla ya kuuliza sumu ni ipi, usimsikilize, hata kama ana koti jeupe.

Mkaa nao uelewe. Ukimwaga mkaa mwingi kwenye kipande chote, maharage yataota upesi na utafurahi, lakini sumu imefungiwa humo, na bakteria hawaifikii. Kwa DDT, ambayo hailiki kirahisi, kuifungia ni uamuzi wa busara. Kwa atrazini, ambayo italiwa, ni kuweka akiba ya kitu usichokitaka.

Ekari zilizobaki, ambazo unasema zinaonekana zima, nina wasiwasi nazo kidogo tu. Dawa nyingi za kisasa za nyanya hupungua zenyewe kwa wiki hadi miezi, na mabaki yake bakteria wa shambani wanayajua. Pumzisha na nafaka msimu mmoja, rudisha mboji, usichome mabaki. Hizo ndizo gharama zote.

Pale pa kuchanganyia dawa ndipo pa kubadilisha kwa kudumu, maana na wewe utalima, utapiga dawa, utaosha bomba. Kitone kinachodondoka kila siku mahali pamoja kwa miaka kumi hujilimbikiza, na udongo wa pale haupati nafasi ya kupumua. Waswidi walipata jawabu mwaka 1993 ambalo napenda kuliko mashine yoyote: shimo lililojazwa mchanganyiko wa mabua, udongo wa juu na peti, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu kwenye kinamasi, na bomba linaoshewa juu yake. Mabua yakioza nusu huleta kuvu weupe wanaovunja sehemu ngumu ya mti, na vimeng'enya vyao havichagui sana. Vinapasua na viuatilifu. Bakteria wanamalizia. Mashamba mengi ya Ulaya na Amerika ya Kusini yamechukua utaratibu huo, na wasiokuwa na peti huweka mboji.

Kwako chimba shimo la kina cha sentimita sitini hadi sabini, hatua mbili kwa mbili, mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Sakafu na kuta zipake mfinyanzi mzito unene wa kiganja, au tandika turubai zito lisilo na tundu. Jaza sehemu mbili za mabua yaliyokatwakatwa, moja ya mboji iliyoiva, na moja ya udongo wa juu kutoka shambani kwako mlipokuwa mnapiga dawa, kwa sababu ndiko waliko bakteria waliofundwa. Acha mwezi na nusu kabla ya kuanza kutumia. Panda nyasi juu. Jenga kibanda cha bati, mvua isilifurishe. Bomba liwekwe juu ya mbao zilizovuka shimo, lijazwe hapo na lisuuzwe hapo. Maji ya kusuuzia chupa tupu, mara tatu, yarudi ndani ya bomba yakapigwe shambani. Dawa iliyobaki bila kuchanganywa isimwagwe humo kamwe. Hakuna vijidudu wa kuhimili dozi hiyo. Mchanganyiko utazama kadiri mabua yanavyooza, nawe utaongeza kila mwaka.

Kuhusu watoto. Mahindi na maharage ya kwenye zile ekari nzima walishe bila hofu. Punje ya nafaka haikusanyi kwa urahisi mabaki ya aina tuliyozungumzia. Kile kipande cha kisimani usivune chochote cha kula mpaka majibu yarudi, na kama maabara itakuta DDT au ndugu zake, usipande hapo maboga hata baadaye. Mizizi ya maboga ina tabia ya kuvuta DDE kutoka udongoni na kuipandisha mpaka kwenye tunda, jambo ambalo mimea mingi haifanyi. Karoti na viazi vitamu navyo viende upande mwingine.

Ninachokihofia zaidi ni vitu viwili ambavyo hukuvitaja. Kwanza maji. Kama kisima hicho ndicho mnachokunywa, acheni kukitumia kwa kunywa na kupikia mpaka kipimwe, na kipimo hicho kije kabla ya kipimo cha udongo. Kuchemsha hakutoi viuatilifu. Maji yanapungua, sumu inabaki kwenye kiasi kidogo zaidi. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya ardhini.

Pili kuku. Kuku wa kienyeji anapochakura anameza udongo, na sumu za jamii ya DDT hukaa kwenye mafuta, yaani kwenye kiini cha yai. Kipande kile kizungushie wavu au miiba leo, kabla hujanunua kopo lolote la majaribio. Na mabua ya mahindi ya msimu huu usimgawie jirani mwenye ng'ombe yote. Utayahitaji kwenye shimo.